Mwenye nyumba akipandisha kodi, sheria inakulinda wapi?

Karatasi ilikuwa imechanwa kutoka kwenye daftari la shule, ikapitishwa chini ya mlango alfajiri kabla sijaamka. "Wapangaji wote. Kuanzia tarehe 1 mwezi ujao chumba ni 100,000. Asiyeweza atoe taarifa mapema." Haikuwa na tarehe wala sahihi. Tulikuwa wapangaji sita kwenye nyumba ile ya Mabibo, Dar es Salaam, na kila mmoja alikuwa analipa 80,000 kwa mwezi. Mimi nilikuwa nimeshalipa miezi sita mbele, shilingi 480,000, na kati ya hiyo sita nilikuwa nimekaa mitatu tu. Tulipokutana uani kwenye bomba, mama wa chumba cha kona alisema nyumba ni ya mwenyewe, atafanya atakavyo. Kijana wa chumba cha mwisho akasema haiwezekani, lazima kuna sheria inayomkataza.

Nilitumia wiki nzima kutafuta nani kasema kweli, na tangu hapo ndugu, majirani na wafanyakazi wenzangu wameniuliza jambo hilohilo mara nyingi. Karibu wote huuliza kwa namna moja: "Hivi sheria inamruhusu apandishe kwa asilimia ngapi?" Kwa Tanzania Bara, asilimia hiyo haipo. Hakuna sheria inayomwambia mwenye nyumba ya kuishi aongeze kumi au ishirini kwa mia, asizidishe hapo. (Zanzibar ina sheria zake, kwa kuwa ardhi si jambo la Muungano, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa yasihamishiwe huko yalivyo.) Lakini pia haimaanishi kwamba anaweza kutangaza leo akadai kesho. Sheria iliyobaki haigusi bei. Inagusa muda: kodi mpya inaanza lini, na nani ameikubali. Mpangaji anayebishana kuhusu bei mara nyingi hana pa kushika. Anayebishana kuhusu tarehe mara nyingi anapo.

Haikuwa hivi siku zote. Serikali kuingilia kodi za nyumba ni jambo tulilolirithi kutoka Uingereza. Mwaka 1915, vita ikiendelea, wanawake wa Glasgow wakiongozwa na Mary Barbour waligoma kulipa kodi zilizopandishwa wakati waume na vijana wao wako vitani, na mwaka huohuo Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuzizuia zisipande. Wazo hilo likasafiri na utawala wao. Kenya iliwekewa sheria ya kudhibiti kodi mwaka 1959. Tanganyika huru ikatunga ya kwake mwaka 1962, mwaka uleule lilipoanzishwa Shirika la Nyumba la Taifa. Baadaye ikaja sheria mpya ya udhibiti wa kodi ya mwaka 1984, na hiyo ndiyo ambayo wazee wengi wa Dar es Salaam wanaikumbuka wanapokwambia kwamba zamani mpangaji alikuwa na kauli.

Na kweli alikuwa nayo. Nyumba ilikuwa na kodi yake ya kisheria, na palikuwa na baraza maalumu la kuamua magomvi ya mwenye nyumba na mpangaji. Mwenye nyumba aliyetaka kumtoa mpangaji alitakiwa kupeleka shauri, ataje sababu inayotambuliwa na sheria, apate amri. Kumkataa tu mtu kwa sababu amepatikana mwingine mwenye pesa zaidi haikuwa sababu.

Sheria hizo hazikuwa peke yake. Mwaka 1971, miaka minne baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Ghorofa nyingi za Upanga, Kariakoo na katikati ya jiji zilibadilisha mwenyewe kwa njia hiyo, na mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba. Kwa hiyo kwa miaka mingi mwenye nyumba mkubwa kuliko wote mjini alikuwa Serikali yenyewe, na kodi zake zilikuwa za chini.

Nimewasikia watu wakiitamani enzi hiyo kana kwamba haikuwa na gharama. Ilikuwa nayo. Kodi ikibaki palepale wakati bei ya saruji, mabati na rangi inapanda, mwenye nyumba huacha kukarabati. Ngazi zikavunjika, mabomba yakavuja hadi ukuta ukaota ukungu. Aliyepata nyumba kwa kodi ya chini hakuiachia, na aliyeitaka akatoa kilemba, fedha ya pembeni anayopewa anayeondoka ili amwachie nafasi. Bei halisi haikupotea. Ilihamia kwenye mkono usio na risiti.

Mwaka 2005 sheria ya mwaka 1984 ikafutwa. Tangu hapo kodi ya nyumba ni makubaliano ya watu wawili, na wapangaji wengi hawakuambiwa kwamba ulinzi wao wa zamani umeondoka. Ndiyo maana hadi leo unamkuta mtu anapeleka malalamiko ofisi ya mtaa akitaka mwenyekiti "ashushe kodi". Mwenyekiti anaweza kusuluhisha, lakini hana mamlaka ya kushusha kodi.

Kilichobaki mkononi mwa mpangaji ni sheria mbili kubwa: Sheria ya Mikataba, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ambayo ina sehemu nzima inayohusu upangishaji. Hakuna hata moja inayotaja kiwango cha kodi. Zote mbili, zikisomwa pamoja, zinasema mambo mazito kuhusu muda.

Nirudi kwenye karatasi ile ya chini ya mlango. Nilikuwa nimelipa miezi sita, na makubaliano yalikuwa 80,000 kwa mwezi kwa miezi hiyo sita. Huo ni mkataba wenye muda maalumu. Mkataba hauwezi kubadilishwa na upande mmoja. Ukibadilishwa, ni lazima pande zote mbili zikubaliane kuubadilisha. Kwa hiyo mwenye nyumba angeweza kunitangazia kodi ya laki moja hata siku ya pili baada ya kupokea fedha yangu, na tangazo lake lisingekuwa na nguvu yoyote hadi miezi yangu sita iishe. Ile 20,000 ya nyongeza kwa miezi mitatu iliyobaki, jumla 60,000, sikuwa nadaiwa. Kama ningeitoa kwa kuogopa, ningekuwa nimeukubali mkataba mpya kwa mkono wangu.

Hapa ndipo desturi ya kulipa miezi sita au mwaka mzima mbele, ambayo inatuumiza sana siku ya kuhamia, inageuka kuwa kinga. Siitetei. Kijana anayeanza kazi kwa mshahara wa laki tatu anatakiwa atafute kodi ya nusu mwaka, pamoja na ya dalali ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, kabla hajanunua hata ndoo. Lakini ukishalipa, umenunua muda kwa bei iliyokubaliwa, na muda huo ni wako.

Isipokuwa kama wewe mwenyewe umeuuza. Mikataba mingi ya vyumba siku hizi huchapwa stationery kwa kunakili ya mtu mwingine, na ndani yake kuna mstari unaosema: "Mwenye nyumba anaweza kubadilisha kodi wakati wowote atakapoona inafaa." Watu wanausaini bila kuusoma kwa sababu wana haraka ya kupata ufunguo. Mstari huo unampa mwenye nyumba pa kusimamia hata katikati ya muda uliolipia. Ukiuona, omba ukatwe kwa kalamu na wote wawili mweke sahihi pembeni. Nimeona wenye nyumba wakikubali bila ugomvi, kwa kuwa hata wao hawakuwa wanajua upo.

Kundi la pili ni wale wanaolipa mwezi kwa mwezi bila kuandikishana chochote. Hawa huwa wanadhani hawana mkataba. Wanao. Sheria ya Ardhi inakubali upangishaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo ufanyike hata kwa mdomo. Muda usipotajwa, sheria huangalia kodi inalipwa kwa vipindi gani: ukilipa kila mwezi, wewe ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi, na anayetaka kuuvunja upangaji huo anatakiwa kutoa notisi isiyopungua kipindi hicho, yaani mwezi mmoja. Kupandisha kodi kwa mpangaji wa namna hii maana yake ni kumwambia kwamba makubaliano ya zamani yanakoma na mapya ni haya. Kwa hiyo naye anastahili kupewa muda uleule. Ukiambiwa tarehe 20 kwamba kuanzia tarehe 1 kodi ni nyingine, umepewa siku kumi na kitu, na una haki ya kusema kwa adabu kwamba mwezi ujao utalipa ya zamani na huo wa pili mtaongea.

Kundi la tatu ndilo linalosahaulika, na naona ndilo kubwa kuliko yote: mkataba wa mwaka uliisha, hakuna aliyeuhuisha, mpangaji akaendelea kukaa na mwenye nyumba akaendelea kupokea kodi. Wengi hudhani kwamba siku ile mkataba ulipoisha haki zao nazo ziliisha. Mpangaji aliyebaki kwa ridhaa ya mwenye nyumba hubaki kwa masharti yaleyale ya mkataba uliokwisha, kodi ikiwemo, hadi upangaji huo umalizwe kwa notisi. Ridhaa yenyewe inaonekana kwa tendo: amepokea fedha yako. Meseji ya M-Pesa inayoonyesha kwamba umetuma 80,000 mwezi wa pili baada ya mkataba kuisha, na hakuna aliyeirudisha, inatosha kuonyesha kwamba mliendelea.

Muda ukiisha na notisi ikatolewa ipasavyo, ninalazimika kuwaambia wapangaji wenzangu jambo ambalo hawapendi kulisikia: mwenye nyumba anaweza kutaja bei anayotaka, hata mara mbili ya ile ya zamani, na sheria haitamzuia. Unaweza kuomba apunguze, kukubali, au kuhama. Naamini hilo ni pengo, na naamini Bunge lingeweza kuliziba bila kuturudisha kwenye udhibiti wa zamani. Ingetosha kuweka kwamba kodi ya nyumba ya kuishi isipande zaidi ya mara moja kwa mwaka, na kwa notisi ya miezi mitatu. Hiyo isingemnyima mwenye nyumba faida yake. Wengi wao hawana ghorofa. Ni mjane mwenye vyumba vinne nyuma ya nyumba yake, na ndiyo pensheni yake. Nyongeza anaihitaji, na mpangaji naye anahitaji muda wa kujipanga.

Yapo pia maongezeko ambayo hayaji kwa jina la kodi. La kwanza liko kwenye umeme. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo, ile inayotozwa na Serikali, inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na mwaka 2023 kiwango kilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwa mwaka ni 18,000. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo, lakini inakatwa kwa yeyote anayenunua umeme, na mara nyingi anayenunua ni mpangaji. Katika nyumba yetu ile tulikuwa tunachanga, kila mara tukishangaa kwa nini uniti zimekuwa pungufu mwanzo wa mwezi. Hakuna aliyefikiri kumpelekea mwenye nyumba hesabu. Ni haki yako kuiomba ikatwe kwenye kodi yako ya chumba, na jambo la busara ni kuliandika kwenye mkataba tangu mwanzo badala ya kulikumbuka mwishoni.

La pili liliwaumiza zaidi watu wa Masaki, Oysterbay na Mikocheni, ambako nyumba zilizoea kutangazwa kwa dola. Mpangaji analipwa mshahara kwa shilingi, kodi imeandikwa dola 500. Shilingi ikishuka, kodi yake imepanda bila mtu yeyote kutuma notisi, na akilalamika anaambiwa bei ni ileile. Mwaka 2025 kanuni mpya zilipiga marufuku kutangaza bei au kudai malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Kwa wapangaji hilo ni badiliko kubwa kuliko lilivyozungumzwa. Lakini pana njia ya kulikwepa ambayo ukiiona uishtukie: mkataba unaosema kodi italipwa kwa shilingi "kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku ya malipo". Hiyo ni dola iliyovaa kanzu. Omba kiasi kiandikwe kwa shilingi, kwa tarakimu na kwa maneno.

Wasomaji wa Kenya wataona habari yao ni tofauti, na kwa njia fulani inasikitisha zaidi, kwa sababu wao sheria ya kudhibiti kodi bado wanayo. Ile ya mwaka 1959 haijafutwa. Ina baraza lake, inamzuia mwenye nyumba kupandisha kodi kiholela, na inalifanya kuwa kosa kumsumbua mpangaji ili ahame au alipe zaidi. Tatizo liko kwenye kikomo chake: inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, na kwa nyumba zilizokuwa zimepangishwa tarehe 1 Januari 1981, kodi ya kisheria ni ile iliyokuwa ikilipwa siku hiyo. Shilingi 2,500 wakati ule ilikuwa fedha ya nyumba nzuri. Leo hata chumba kimoja katika mitaa mingi ya Nairobi kimeivuka. Sheria ipo, watu ndio wametoka nje ya mlango wake bila kusogea. Wengi waliobaki nje wanategemea mkataba wao na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, yenye kanuni za notisi zinazofanana sana na za Tanzania.

La ajabu ni kwamba Kenya mwenye duka amelindwa kuliko mwenye kitanda. Mpangaji wa biashara asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, hawezi kupandishiwa kodi bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na akipinga kwenye baraza la majengo ya biashara, nyongeza inasubiri hadi shauri liamuliwe. Muswada wa mwaka 2021 ulilenga kuziunganisha sheria hizi zote chini ya sheria moja. Mpangaji wa nyumba ya kuishi alikuwa na mengi ya kupata ndani yake.

Tukirudi Bara, mgogoro ukishindikana kumalizwa kwa mazungumzo, njia ni hii. Ofisi ya serikali ya mtaa ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu pana mashahidi na muhuri, ingawa haina uwezo wa kuamua. Baraza la Kata, tangu marekebisho ya mwaka 2021, kazi yake ni kupatanisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na hilo ndilo lenye meno. Wakati huo wote, endelea kulipa kodi ya zamani kwa njia inayoacha alama. Mpangaji aliyeacha kulipa kwa hasira anafika barazani akiwa yeye ndiye aliyevunja mkataba, na hoja yake ya notisi haisikilizwi tena kwa moyo uleule.

Mwenye nyumba naye asitumie mkono wake. Sheria ya Ardhi inamwekea sharti la kumwacha mpangaji akae kwa amani kwa muda aliolipia, mkataba uwe umelitaja au la. Kung'oa mlango, kutoa bati, kukata umeme ili mtu akubali laki moja, hayo yote yanavunja sharti hilo, na yanamgeuza mwenye haki ya kudai kuwa mdaiwa wa fidia.

Pale Mabibo hatukufika barazani. Nilitoa nakala ya ukurasa wa kaunta buku ambao mwenye nyumba alisaini aliponipokea, ukionyesha "miezi 6" na tarehe mbili. Mama wa kona alikuwa na wake. Kijana wa mwisho hakuwa na karatasi, alikuwa na meseji kumi na moja za M-Pesa, zote za 80,000, zote kwa namba ya mtoto wa mwenye nyumba. Jumapili jioni tulimwendea mzee watatu, tukamwamkia, tukakaa kwenye mkeka, tukamwonyesha. Hakukasirika. Alisema mabati ya upande wa choo yalikuwa yanavuja na fundi alimtajia laki nne, ndiyo maana akaandika ile karatasi.

Tulikubaliana kwamba walio ndani ya muda wamalize kwa 80,000, wa mwezi kwa mwezi waanze kodi mpya baada ya mwezi mmoja kamili, na kodi mpya iwe 90,000 isiguswe tena kwa mwaka. Kijana aliandika kwa mwandiko wake mzuri, na mama wa kona akasisitiza mstari mmoja uongezwe: kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU itarudishwa kwa wapangaji kila mwezi wa kwanza. Mzee aliusoma mara mbili, akauliza ni shilingi ngapi, akatoa kalamu mfukoni.